Uvimbe wa Uume: Maradhi Yasiyofaa Kufichwa

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya maradhi ambayo watu wengi huona haya kuyataja, nayo ni uvimbe wa kichwa cha uume. Wengine wenu huenda mmeketi pamoja na wakwe zenu, nasi twawaomba radhi. Lakini wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Dalili zake ni hizi. Ngozi ya kichwa cha uume hugeuka rangi, huwasha, na mkojo ukipita huuma. Chini ya govi huonekana utando mweupe wenye harufu mbaya, na pengine govi huvimba hata lisiweze kuvutwa nyuma. Hapa Pwani wanaume wengi wametahiriwa, wengine kwa jando la Wazaramo, wengine kwa sunna ya Kiislamu, kwa hiyo maradhi haya huwapata kwa nadra. Walakini aliyetahiriwa naye aweza kuugua.

Chanzo chake si kimoja. Kuna jasho na taka zikaazo chini ya govi, hasa katika joto la kaskazi. Kuna kuvu iitwayo kandida, ipendayo mahali penye unyevu. Kuna sabuni kali, ambayo huichubua ngozi. Tena kuna magonjwa ya zinaa, kama kaswende na kisonono.

Na sasa tuseme yuko mtu mmoja wa Tandika, mwenye umri wa miaka 50, mwenye mke mmoja na mwenendo mwema. Ameona uvimbe huu, akaogopa kwamba mkewe atamdhania uzinzi. Akapaka spiriti, akaungua. Akanunua vidonge dukani, akapata nafuu siku chache, kisha maradhi yakarudi. Usiku huamka mara nne kwenda kukojoa, huwa na kiu isiyokwisha, na nguo zake zimeanza kumpwaya. Mtu huyu ana kisukari, naye hana habari. Sukari iliyozidi mwilini hutoka katika mkojo, nayo ni chakula cha kuvu. Tena mwili wenye kisukari hupungukiwa na nguvu za kupigana na vijidudu. Angepimwa mapema, angetibiwa kabla macho, figo na miguu yake haijadhurika. Kwa hiyo mtu apatwaye na uvimbe huu mara kwa mara, yampasa apimwe sukari.

Matibabu yake si magumu. Osha mahali hapo kila siku kwa maji ya uvuguvugu, bila sabuni, ukaushe taratibu, kisha urudishe govi mahali pake. Twajua kwamba Tandale na Mbagala watu wengi hununua maji kwa ndoo, lakini kopo moja latosha. Usipake spiriti, wala ndimu, wala dawa ya meno. Ikiwa chanzo ni kuvu, mganga wa hospitali atakupa dawa ya kupaka, kama klotrimazoli. Nawe uitumie kwa siku alizokuambia, hata ukiona umepona mapema. Dawa za kuua bakteria hazifai kununuliwa ovyo, maana haziui kuvu, bali huweza kuizidisha. Mke akiwa na muwasho au uchafu, naye atibiwe.

Mama wenye watoto wa kiume, msilivute kwa nguvu govi la mtoto mdogo; litaachana lenyewe kadiri akuavyo. Na govi likivutwa nyuma likakwama, au mkojo ukizuilika, nendeni hospitali siku ile ile, maana damu ikizuiwa nyama huweza kufa. Usaha, au kidonda kisichopona kwa majuma mawili, navyo vyataka kuonwa na mganga.

Watu wa Kinondoni wanayo hospitali ya Mwananyamala, na wa Temeke wanayo hospitali yao ya Temeke. Na zahanati zi karibu zaidi. Mganga ameona wengi kama wewe, naye hatakucheka. Mwambie tangu lini, na umepaka nini, kisha umwombe akupime sukari. Nanyi mabibi, mume akiwaambia habari hii, msianze kwa kumshtaki. Fuataneni naye hospitalini.

Kwa herini.