Bia Isiyo na Kileo na Mtu Aliyeacha Pombe
(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika karamu ya mkutano wa mwaka)



Nimeombwa niseme juu ya afya. Wale tuliokwenda pamoja Chuo Kikuu mnajua kwamba nilikuwa mnywaji. Ambalo wengi hamlijui ni kwamba miaka sita iliyopita nililazwa hospitali kwa ajili ya pombe, nikaacha.

Mwaka mmoja baadaye, katika harusi ya mpwa wangu, rafiki mmoja aliniwekea mezani chupa ya bia isiyo na kileo. "Kunywa, Bwana, hii ni kama soda." Nia yake ilikuwa njema. Nikanywa mbili. Sikulewa. Lakini ule uchungu, lile povu, hata mlio wa kizibo, vilinirudisha kwenye kiti changu cha zamani. Jumatano iliyofuata nilikuwa grosari, na chupa iliyokuwa mbele yangu haikuwa kama soda. Ilinichukua miezi minne kutoka tena.

Sasa tuitazame chupa yenyewe. Aghalabu bia hiyo hupikwa kama nyingine, kisha kileo huondolewa. Katika nchi nyingi huruhusiwa kibaki mpaka asilimia 0.5, nyingine huandikwa 0.0. Bia ya kawaida ina asilimia 5 hivi. Basi chupa kumi za ile ni sawa na moja ya hii. Tumbo litashindwa kabla ya kichwa. Kwa hesabu hiyo rafiki yangu hakukosea. Tena wapo walioacha pombe ambao huinywa wasidhurike, na waganga wenyewe hawajapatana.

Lakini hatari haimo katika hesabu. Vijana, mmesoma habari za Pavlov, yule Mrusi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904, na mbwa wake waliotokwa na mate kabla hata hawajapewa chakula. Ubongo wa mlevi umefundishwa vivyo hivyo kwa miaka mingi: harufu ikifika, unadai kile kilichozoea kuifuata. Na mtu anayetumia dawa ya disulfiramu asiiguse kabisa, maana hata kileo kidogo chaweza kumletea matapishi na moyo kwenda mbio.

Togwa, je? Togwa ya leo asubuhi sina ugomvi nayo. Ya siku ya tatu, ambayo chachu imeendelea na kazi yake, haina karatasi ya kuniambia imefika asilimia ngapi. Hiyo huipita.

Ombi langu kwenu ni moja: mtu akikataa pombe, msimletee chupa inayofanana na ile aliyoikataa. Nimeambiwa kwamba usiku huu kuna kreti mbili za bia hiyo, zilizonunuliwa kwa ajili yetu tusiokunywa. Naishukuru kamati, wapeni madereva. Mimi nimekwisha waomba akina mama wa jikoni chai ya tangawizi.