Kilo 1215: Somo la Kwanza la Kuandika Programu



Kila muhula sisi walimu wa vyuo tunapokea darasa moja lenye watu wa kila namna. Yupo aliyekua na laptopu nyumbani, na yupo aliyegusa kibodi kwa mara ya kwanza wiki ya kujisajili. Wiki ya tatu haijaisha tumeshaamua: huyu ana kipaji, yule hana. Nimesema hivyo kwa miaka mingi. Leo naamini kwamba mara nyingi tunachokiita kipaji ni mazoea tu.

Niliwahi kutoa zoezi la kujumlisha kilo za kahawa ambazo mkulima amepeleka kiwandani kwa siku mbili. Lugha ilikuwa Python. Kijana mmoja mwepesi alimaliza mara moja, akaanza kuperuzi mambo mengine. Jirani yake, binti wa mkulima kutoka upande wa Othaya, alikuwa bado anatafuta mabano kwenye kibodi. Alipomaliza aliingiza 12, kisha 15. Kompyuta ikamjibu 1215. Akainua mkono: "Mwalimu, shamba letu halijawahi kutoa kilo elfu moja kwa siku mbili." Yule kijana akaifungua tena programu yake, akakuta kosa lilelile. Python hupokea kinachochapwa kama maandishi. Usipoiambia kwamba hizo ni namba, huzibandika pamoja badala ya kuzijumlisha. Binti alilinasa kosa kwa sababu anaijua mizani ya kiwandani. Huo nao ni ujuzi, ila mitihani yetu haiupi alama.

Chuo cha Harvey Mudd, Marekani, kilianza mwaka 2006 kuwatenga wanafunzi wa somo la utangulizi kwa uzoefu: waliowahi kuandika programu darasa lao, wasiowahi lao. Wageni wakaacha kutishwa na wajuaji, na katika miaka michache iliyofuata idadi ya wanawake waliochagua sayansi ya kompyuta ikapanda sana. Wengi wetu hatuna walimu wala maabara za kugawa darasa mara mbili. Basi tugawe zoezi. Wote waanze na zile kilo za siku mbili. Mwepesi aongeze makato ya mbolea, kisha risiti za wanachama wote wa ushirika. Asiyevutiwa na kahawa achukue nauli za matatu au dozi za dawa kwa uzito wa mgonjwa. Funzo ni lilelile.

Katika maabara yangu kuna sharti moja nisilolilegeza: anayemsaidia mwenzake haruhusiwi kugusa kibodi chake. Aeleze kwa mdomo. Mwepesi hugundua hapo kwamba hajaelewa vile alivyodhani, na mgeni huondoka na programu aliyoiandika kwa vidole vyake.

Wengine hawatalipenda somo hili kamwe, na si lazima walipende. Lakini hata anayesomea uuguzi anahitaji kujua vya kutosha ili alitilie shaka jibu la mashine.

Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha silabasi ya kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari. Shule zenye vifaa zitatangulia, na pengo litakalofika kwetu vyuoni litakuwa pana zaidi. Ombi langu ni hili: muhula ujao, kabla ya somo la kwanza, muulize kila mwanafunzi kama amewahi kutumia kompyuta, na kwao wanafanya kazi gani. Kisha tunga zoezi la kwanza kutokana na majibu hayo.