Tuisome Nchi Tuliyokabidhiwa



Wapendwa wazee, walimu, viongozi wa jumuiya ndogondogo na waamini wote wa Lionja,

Tumekutana kutafakari juu ya elimu ya mazingira. Huenda baadhi yetu wanajiuliza kama jambo hili lahusu haki na amani. Tunasema lahusu sana. Watu wasioijua nchi yao huamuliwa na wengine, na hasara ya maamuzi hayo humwangukia maskini.

Wilaya yetu ya Nachingwea ina fundisho lake. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha katika Tanganyika mpango mkubwa wa kulima karanga, na Nachingwea ilichaguliwa pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yaliletwa, misitu ikang'olewa, reli ikajengwa kutoka pwani. Lakini udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, baada ya kupotea paundi milioni 36 hivi. Nayo reli ikafungwa mwaka 1962. Wataalamu wale walikuwa na elimu nyingi, ila walipungukiwa na elimu ya mahali.

Je, sisi tunayo? Mtoto wetu hutaja sehemu za ua kama zilivyoandikwa kitabuni, lakini porini hawezi kutofautisha mninga na mkongo. Babu yake anajua kuitofautisha, lakini haalikwi shuleni. Mwalimu aliyetoka mkoa mwingine angependa kuuliza, ila hajui amwendee nani. Nasi tulio wazima tunamkemea mtoto anayewasha moto ili awinde panya, na papo hapo tunachoma mashamba yetu bila kukata njia ya moto. Elimu yetu imegawanyika vipande, na kila mmoja ameketi na kipande chake.

Ujinga huu una gharama. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia na kufaidi mapato yake. Jirani zetu wa Kilwa walijifunza hivyo: walihesabu miti yao, wakapanga uvunaji, na mwaka 2009 usimamizi wao wa misitu ya mpingo ukapata cheti cha kimataifa cha FSC. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa. Kijiji kisichojua sheria huuza gogo la umri huo kwa bei ya kutupa, na wajukuu hawatakuwa na la kuuza.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, watu wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kujadiliana. Jumuiya zetu ni vikundi vya namna hiyo tayari. Kila jumuiya isome sheria ya misitu na kupeleka maswali yake kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Pili, walimu. Kila shule iombe wazee wawili, mwanamume na mwanamke, watembee porini na walimu na kuwatajia miti, dawa na vyanzo vya maji.

Tatu, watoto. Tuanze na wanachokipenda. Wanapokwenda kuchimba ming'oko, wafundishwe kuacha shina lichipue tena na kufukia shimo. Kisha wapewe kitalu wakitunze wao wenyewe.

Kitabu cha Mwanzo chatuambia kwamba mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Hayati Papa Fransisko alitukumbusha mwaka 2015, katika waraka wake Laudato Si', kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitengani. Hapa Lionja tunavisikia vyote viwili. Basi tusirudi nyumbani kabla ya kila jumuiya kumtaja mzee atakayealikwa shuleni.

Mungu awabariki nyote.