Ficha Uso Kabla Hujapakia Video



Vijana wenzangu wa Kwa Njenga, Novemba 2021 mnaikumbuka. Matingatinga yaliingia hapa, nyumba za maelfu ya watu zikabomolewa kupisha barabara. Wenye simu walirekodi. Lakini simu huibiwa, akaunti hufungwa, na aliyepakia akitishwa anafuta mwenyewe.

Ndiyo maana wengine wenu mnaulizia ile mitandao isiyo na mwenyewe mmoja, kama IPFS. Huko anwani ya faili inatokana na yaliyomo ndani yake: kompyuta inapiga hesabu juu ya faili nzima, inatoa mfuatano wa herufi na tarakimu. Badilisha nukta moja tu, anwani inakuwa nyingine kabisa. Hakuna kuhariri, basi. Ukirekebisha umetoa faili mpya, na ile ya zamani inabaki maadamu kuna mtu, popote, anayeihifadhi. Mwaka 2017 Uturuki ilipofunga Wikipedia, nakala ya Kituruki iliwekwa huko ili watu waendelee kusoma.

Sisi Waislamu jambo hili si geni. Qur'ani iko vifuani mwa mahafidh kila pembe ya dunia. Imamu akiteleza herufi moja kwenye Tarawehe, anasahihishwa kutoka safu ya nyuma.

Lakini video ya mama wa plot ya pili si Qur'ani. Amekueleza uso wazi nani alimpiga, mtoto yuko pembeni. Mwaka ukipita anatishwa, anakuja kukuomba uitoe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 40, inampa haki ya kuomba taarifa zake zifutwe. Utamjibu nini? Ukifuta, umeondoa nakala yako tu. Aliyeinakili Mombasa au London bado anayo. Nostr nako ni hivyo hivyo: kufuta ni ombi, seva inaweza kukubali au kupuuza. Na sisi tumeamrishwa kusitiriana!

Kwa hiyo fanya hivi. Video ya asili usiipakie. Iweke kwenye memori kadi mbili, kwa watu wawili unaowaamini. Ya kusambaza, funika uso na ubadilishe sauti. Kisha toa hadharani ule mfuatano wa herufi wa video ya asili, peke yake. Hauonyeshi sura ya mtu, lakini siku wakili akiipeleka video mahakamani, hesabu itapigwa tena, na ikilingana, haijaguswa tangu siku ile.

Kumbuka tu, haijaguswa si sawa na kuwa kweli. Video ya uongo nayo ina herufi zake. Ile amri ya Surat al-Hujurat, aya ya 6, ya kuhakikisha habari, hakuna programu itakayokufanyia.

Baada ya Isha tunabaki hapa hapa na kompyuta. Njoo na simu, na chaja yako.