Mji wa Potsdam: Maneno kwa Watakaosafiri

Ndugu zangu na walimu wa Mwanakwerekwe, Potsdam ni mji wa Ujerumani, nchi ambayo wazee wetu waliiita Udachi. Nao umefanya udugu na mji wetu wa Zanzibar tangu mwaka 2017. Atakayefika huko hatajiona mgeni kabisa, maana mto Havel na maziwa yake yameuzunguka mji hata ukawa kama kisiwa. Katika bustani ya Sanssouci amezikwa Mfalme Friedrich II, na watu humwekea viazi juu ya kaburi (viazi, wala si maua tu!), kwa kuwa aliwahimiza raia wake kuvilima. Lakini msiishie kwenye majumba. Waulizeni wenyeji habari za usiku wa tarehe 14 Aprili 1945, mabomu yalipoubomoa mji. Nao watawauliza habari za Beit al-Ajaib, iliyoanguka sehemu yake mwaka 2020; waelezeni pasipo kuficha.