Saba Waliofika



Mwanahistoria mwenzangu ameandika kwamba Safari Rally, mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, si sehemu ya historia ya Watanzania. Anasema yalikuwa mashindano ya walowezi, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Chimbuko hilo tunalijua sote, silibishii. Ninachokataa ni neno "walowezi" kufunika miaka yote iliyofuata.

Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, fundi magari mzaliwa wa Kericho, akiwa na mdogo wake Jaswant ndani ya Volvo iliyokwisha kutumika. Mwaka 1966, na tena 1967, alishinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, kwa Peugeot 404. Je, Dar es Salaam iko nchi gani? Na yale yalikuwa magari ya dukani, ndugu wa yale yaliyobeba abiria na magunia yetu.

Orodha ya matokeo ya mwaka 1963 nimeisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote. Yaliondoka magari 84 mvuani, yakafika 7. Mwaka 1968 mvua ikarudi vilevile: yakaondoka 93, yakafika 7, na washindi wakawa walewale wa 1963, Nowicki na Cliff, katika Peugeot 404. Waliofika wakaitwa Saba Wasiozama. Mwenzangu anawatazama hao saba. Mimi nawatazama 77 wa mara ya kwanza na 86 wa mara ya pili. Waliokwama matopeni walikwama karibu na kijiji cha mtu, na wanaotoa gari topeni orodha haiwataji.

Ninawajua watu wa namna hiyo. Hapa kwetu Nachingwea reli ya mradi wa karanga wa wakati wa ukoloni ilifungwa mwaka 1962, mzigo wote ukahamia barabarani. Nikiwa mtoto, lori la korosho alilokuwa akiendesha baba lilizama njia ya Ruangwa. Vijana walikata matawi wakatandika chini ya matairi. Jeki nayo ikawa inadidimia, gari halinyanyuki. Mama mmoja akaja na kinu kilichopasuka, wakakifudikiza topeni, jeki ikakaa juu yake. Lori likapanda inchi kwa inchi, kinu kikilia kama mlango wenye kutu.

Nakiri kwamba mashindano katika barabara za watu wote yalikuwa na hatari, na usalama ni hoja nzito. Nimeipima kwa miaka mingi. Hata hivyo, nilipoyaona mashindano yamerudi katika ubingwa wa dunia, huko Naivasha, mwaka 2021, magari yakikimbia kwenye njia zilizofungwa, sikuiona Safari. Safari ilikuwa karibu kilomita 5,000 za barabara ya umma, gari la mashindano likipishana na basi la abiria.

Kazi ninayoianza leo katika kiti hiki cha historia ni kuvitafuta vijiji yalikokwama magari yale 77, na kuuliza nani alitoka nyumbani usiku ule na jembe mkononi.