Dirisha Imara Hulinda Paa: Mazungumzo na Wakazi wa Kilifi



Mei 4, 2024, kimbunga Hidaya kilifika kisiwani Mafia, Tanzania, baada ya kupungua nguvu. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilikuwa tayari imetahadharisha pwani kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa. Vimbunga ni nadra karibu na Ikweta, lakini havikosekani kabisa: Aprili 1872 kimbunga kiliharibu vibaya mji wa Zanzibar. Na hata bila kimbunga, kusi huvuma kila mwaka.

Wengi huhofia mabati, husahau dirisha. Kioo cha upande wa upepo kikivunjika, upepo huingia ndani na kuanza kusukuma paa kutoka chini, huku ule wa juu ukilivuta. Ndipo mabati hung'oka.

Kioo cha kawaida hupasuka vipande vyenye makali. Kioo kilichoimarishwa kwa joto huvunjika punje ndogo zisizokata sana, lakini tundu hubaki wazi. Kinachofaa zaidi ni kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando wa plastiki katikati. Kikipigwa na tawi au nazi huweza kupasuka, ila vipande hubaki vimeshikana na upepo hubaki nje.

Hata hivyo, kioo kizuri katika fremu iliyolegea ni pesa zilizotupwa. Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi, hakikisha haya:

• Amepima tundu sehemu tatu, kwa upana na kwa urefu, na kutumia kipimo kidogo zaidi.

• Ameondoa fremu ya zamani yote pamoja na kutu yake.

• Skrubu zimeingia kwenye jiwe lenyewe, si kwenye plasta tu, pande zote nne. Ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana chumvi ya bahari haina huruma Mambrui wala Watamu.

• Nafasi kati ya fremu na ukuta imezibwa kwa silikoni, na kizingiti kimeinama nje ili maji ya mvua yasiingie. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

• Grili ya chumba cha kulala inafunguka kwa ndani, na kila aliyemo anajua ufunguo ulipo. Kioo hiki hakivunjiki upesi, hata moto ukizuka.

Anayetaka kupanua tundu la ukuta apite kwanza ofisi ya mipango ya kaunti.

Asiyekuwa na uwezo wa kioo hicho asikate tamaa. Mbao nzito zenye bawaba madhubuti na komeo, kama za nyumba za kale za pwani, huukinga upepo vyema. Muhimu ni kuzikagua sasa, kabla tahadhari haijatangazwa.